Kinachonuka na kinachodhuru: jinsi ya kukisoma kiwanja cha mboji

Kiswahili si maskini wa maneno ya pua. Samaki ana shombo, uji wa juzi umechacha, nyama iliyosahaulika imevunda, chooni mkojo unachoma pua, na mvua ya kwanza ikigusa vumbi, ardhi inanukia. Lakini jirani wa kiwanja cha mboji akienda ofisi ya serikali ya mtaa kulalamika, kinachoandikwa daftarini ni maneno mawili tu: "harufu mbaya". Hapo ushahidi umeshapotea. Kilichochacha, kilichovunda na kinachochoma pua havitokani na kosa moja ndani ya lundo, na tiba ya kimoja huweza kukichochea kingine.

Dar es Salaam ina mfano wake wa karibu. Manispaa ya Kinondoni ilishirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, ambalo lina undugu na Dar es Salaam tangu 2010, kujenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande, kilichokusudiwa kupokea hadi tani 50 za taka za masokoni kwa siku. Sikusudii kukikagua kiwanda hicho hapa. Nakitaja kwa sababu mazingira yake ndiyo yatakayokikuta karibu kila kiwanja cha mboji kitakachojengwa kati ya Mtwara na Lamu: joto la pwani, misimu ya mvua, pepo zinazogeuka, na makazi yanayosogea mwaka hadi mwaka.

Tuanze ndani ya lundo, kwa kuwa karibu kila kinachopimwa kwenye uzio kimezaliwa humo. Mboji si taka iliyoachwa ioze. Ni kazi ya bakteria na kuvu wanaopumua kama sisi: wanakula kaboni, wanajenga miili kwa naitrojeni, wanavuta oksijeni, wanatoa hewa ukaa, mvuke na joto. Taka za soko huwapa mlo usio na uwiano. Nyanya na kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, tena laini. Ukizirundika peke yake zinashikana kama bonge la ugali na hewa haipiti. Kwa hiyo huchanganywa na kitu kikavu na kigumu: majani makavu, maranda ya mbao, matawi yaliyokatwakatwa, au, kwa sisi wa pwani, makumbi ya nazi. Shabaha ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya naitrojeni, na unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Unyevu huo mfanyakazi mzoefu huupima kwa ngumi. Anachota konzi, anakamua. Likitoka tone moja au mawili amepatia, maji yakichuruzika yamezidi, konzi ikimomonyoka ni kavu. Maabara hukausha sampuli kwenye tanuri na kulinganisha uzito. Tanuri ni sahihi zaidi, lakini jibu lake huja kesho, na kesho lundo ni jingine.

Kipimo kinachopendwa kuliko vyote ni joto, kwa sababu ni rahisi. Kipimajoto chenye shina la chuma la kama mita moja huchomekwa ubavuni mwa tuta, yaani lundo lililolazwa kwa urefu, sehemu kadhaa, kila siku. Kanuni inayoigwa sana duniani ni ya Marekani, iliyotungwa kwanza kwa ajili ya tope la majitaka: ili kuua vimelea vya magonjwa, tuta la wazi likae kwenye nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe angalau mara 5. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Moyo wa tuta unaweza kuwa nyuzi 60 huku ngozi yake iko 35, na yai la mnyoo lililojikalia kwenye ngozi halijui kama ndani kuna tanuri. Mara tano ni ili kila kipande kipate zamu ya kupita katikati.

Joto nalo hudanganya. Likivuka 65 au 70, vijidudu wenyewe wanaotengeneza mboji huanza kufa na kazi hudorora, huku anayesoma kipimajoto akifurahia namba kubwa. Likishuka, halikwambii kama mboji imeiva au imekosa pumzi. Na lundo kubwa lililokauka nusunusu likipita nyuzi 75 au 80, vijidudu si chanzo tena: ni kemia inayojipasha yenyewe, na mwisho wake ni moto unaofukuta ndani siku nyingi kabla moshi haujaonekana. Kulifukua lundo la namna hiyo kwa pupa ni kuupa moto hewa uliyokuwa ukiitafuta.

Ndiyo maana joto lisomwe pamoja na oksijeni, ambayo hupimwa kwa bomba jembamba linalovuta hewa kutoka ndani ya tuta. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 hivi. Ikishuka chini ya 5 humo ndani, wanaopumua wanasimama kazi na wasiohitaji oksijeni wanashika zamu, na hao ndio wenye uvundo. Watu wengi hudhani kugeuza ndiko kunakolisha lundo hewa. Ni kweli kidogo tu. Hewa inayoingia kwa kugeuzwa huliwa ndani ya saa chache taka zikiwa mbichi. Kinacholilisha lundo siku zote ni hewa moto inayopanda juu na kuvuta ya baridi kupitia ubavuni, na hiyo haipiti kama vipande vimebanana. Ukinipa fedha za kununua kitu kimoja, mashine ya kugeuzia au shehena za makumbi na matawi za mwaka mzima, mimi nachukua makumbi.

Sasa ile "harufu mbaya" inaanza kusomeka. Ya kuchacha, kama siki au matapishi ya mtoto mchanga, ni asidi za siku za mwanzo, taka za chakula zinapochachuka kabla joto halijapanda. Mayai viza ni haidrojeni salfaidi, dalili ya lundo lililozama. Dawa yake ni kulifungua na kuongeza vigumu. Mkojo unaochoma pua ni amonia: naitrojeni imeizidi kaboni. Hapa kugeuza mara kwa mara ni kuimwaga harufu yote nje kwa mkupuo, pamoja na mbolea ambayo mkulima angeilipia; dawa yake ni maranda na subira. Ya nne ni ile ya mvua ya kwanza. Inatokana na geosmini, kemikali ya bakteria wa udongo, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Mboji iliyoiva hunukia hivyo, na kwenye jambo hili pua haina haja ya kuionea haya maabara.

Lakini fundo kubwa katika mabishano kati ya majirani na wenye kiwanja haliko hapo. Liko kwenye dhana kwamba kinachonuka ndicho kinachodhuru, na kwamba kisiponuka mambo ni salama. Pande zote mbili huitumia. Jirani anasema hewa ni sumu kwa kuwa inanuka. Mwenye kiwanja anajibu kwamba leo hainuki, basi hakuna tatizo. Wote wawili wanapima kwa kifaa kisicho cha kazi hiyo.

Chukua hiyo haidrojeni salfaidi. Pua huihisi ikiwa kidogo mno, chini sana ya sehemu moja katika milioni, na kwa kiasi hicho ni kero: kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukatika. Ikifikia kama sehemu 100 katika milioni, mishipa ya pua inakufa ganzi na harufu inatoweka. Haifiki kiasi hicho nje kwenye uzio. Inaweza kufika ndani ya shimo lililofunikwa la maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye matuta, mtu anaposhuka kuzibua bomba. Mwenzake aliye juu akiuliza hali, naye akajibu "hainuki tena", hilo ndilo jibu la kutisha kuliko yote. Hapo hakuna kubahatisha: kifaa cha kupima gesi kitangulie shimoni kabla ya mguu wa mtu.

Kisha kuna ukungu. Joto la lundo linampendeza kuvu aitwaye Aspergillus fumigatus, ambaye mbegu zake ni ndogo kiasi cha kupenya hadi chini kabisa ya mapafu. Hazina harufu wala rangi hewani. Hurushwa wakati wa kugeuza na zaidi wakati wa kuchekecha mboji iliyokauka, yaani katika hatua ambayo kiwanja hakinuki kabisa. Mtu mwenye afya huzivuta na kuzitoa bila habari. Mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu anaweza kuugua. Uingereza, kiwanja chenye makazi au sehemu za kazi ndani ya mita 250 hutakiwa kutathmini hatari hii, kwa kuwa vipimo vingi vimeonyesha kwamba kufikia umbali huo mbegu huwa zimepungua hadi kiasi cha hewa ya kawaida. Jirani wa mita 800 anayelalamikia uvundo huenda hazimfikii. Dereva wa kijiko anayefanya kazi na dirisha wazi kwa sababu kiyoyozi kimekufa, bila barakoa, yuko ndani ya wingu lake kwa muda wa saa nane kila siku na hajawahi kulalamika.

Naitreti, chumvi itokanayo na naitrojeni ya taka, haina ladha kwenye maji ya kisima. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Methani nayo haina harufu, na kwa miaka 100 kilo moja yake huipasha dunia joto kama kilo 28 za hewa ukaa. Sababu mojawapo ya kutengeneza mboji badala ya kupeleka kila kitu dampo la Pugu Kinyamwezi ni kuikwepa methani hiyo, kwani taka zilizofukiwa huoza bila hewa. Lundo la mboji lililokosa hewa hufanya vilevile, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Haya yote hayampi mtu ruhusa ya kumpuuza anayelalamika. Kufunga madirisha usiku mwezi wa Februari, Dar es Salaam, bila feni kwa sababu umeme umekatika, ni madhara pia. Ninachosema ni kwamba harufu ipimwe kama harufu, na hatari isiyonuka itafutiwe kifaa chake.

Tutoke sasa ndani ya lundo. Lundo lilelile, likitunzwa vilevile, huwa jirani mwema mahali pamoja na mkorofi mahali pengine, na kinachoamua ni upepo, mteremko na udongo.

Wavuvi wanalijua la upepo kuliko wahandisi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kutoka kaskazini-mashariki; kusi hushika zamu kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi Septemba, kutoka kusini na kusini-mashariki. Maana yake, anayeishi kusini-magharibi mwa kiwanja hulala vizuri wakati wa kusi na kuteseka wakati wa kaskazi, na wa kaskazini-magharibi kinyume chake. Ndani ya siku moja pia kuna zamu: mchana bahari inapuliza nchi kavu, usiku umande, yaani upepo wa nchi kavu, unarudi baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi haujaanza, chini ya usimamizi wa NEMC, chombo cha taifa cha mazingira cha Tanzania, na hilo ni jema. Ila tathmini iliyopima upepo kwa wiki mbili za Januari haijui lolote kuhusu Julai, hata ikiwa na kurasa mia tatu na muhuri.

Upepo mkali si adui. Unaipeleka harufu mbali lakini unaichanganya na hewa nyingi. Adui ni utulivu. Jua likizama ardhi hupoa haraka, hewa inayoigusa hupoa na kuwa nzito, na isipopata upepo hutambaa bondeni kama maji, ikibeba kila ilichokikuta kwenye matuta. Ndiyo maana malalamiko mengi huja usiku na alfajiri, wakati hakuna mashine inayofanya kazi, na ndiyo maana wafanyakazi huapa kwa haki kabisa kwamba mchana hakuna harufu. Kugeuza tuta saa moja asubuhi ili kulikwepa jua ni kuwahurumia wafanyakazi na kuwaadhibu walioko bondeni. Saa nne na kuendelea, hewa ikishachangamka, ni afadhali.

Mvua ina hesabu rahisi inayotisha. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya masika ya milimita 60 kwa siku, ikidondoka kwenye hekta moja ya kiwanja, ni lita 600,000, sawa na maboza 60 ya lita 10,000. Dar es Salaam hupata milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Matuta hunyonya sehemu ya maji hayo, lakini yakishalowa kila tone linalozidi hutoka likiwa jeusi, limebeba chumvi, amonia na vijidudu. Kwa hiyo sakafu ya kiwanja iwe ya zege, lami au mfinyanzi ulioshindiliwa, yenye mteremko wa asilimia 2 hadi 4, na matuta yalazwe kufuata mteremko. Tuta lililokingama ni bwawa. Upande wake wa juu utakuwa umezama kabla wiki haijaisha. Mfereji uchimbwe upande wa juu wa kiwanja ili maji safi yapite pembeni, maana njia nafuu ya kutunza maji machafu ni kutoyaruhusu maji safi yachafuke.

Maji meusi yaliyokusanywa bwawani yana kazi wakati wa kiangazi: hurudishwa kulowesha matuta. Lakini ni matuta machanga tu, ambayo bado hayajapita kwenye joto. Kuyamwagia mboji iliyoiva ni kuirudishia magonjwa yaleyale yaliyouawa kwa siku 15. Kosa hilohilo hufanywa na ndoo ya kijiko kinachobeba taka mbichi asubuhi na mboji ya kuuza mchana bila kuoshwa, na hakuna kipimajoto kitakacholigundua.

Udongo wa kichanga hauchuji sana. Maji hupita kama kwenye kichujio cha chai. Hapo ndipo visima vya uchunguzi vinapohitajika: kimoja upande maji ya ardhini yanakotoka, viwili au zaidi upande yanakoelekea, na vyote vipimwe kabla lori la kwanza halijaingia. Watu huona hicho kipimo cha awali kuwa upotevu wa fedha. Katika mji wenye vyoo vya shimo kila kiwanja, naitreti inaweza kuwa kisimani tangu zamani. Kloridi nayo, ambayo kwingine hutumika kufuatilia maji ya taka, karibu na ufukwe huingia kutoka baharini. Bila kisima cha juu na namba za awali, kiwanja kitabebeshwa naitreti ya mtaa mzima, au kitaficha ya kwake ndani ya hiyo ya mtaa.

Nzi hawana fumbo kubwa. Kwenye joto letu hutoka yai hadi nzi mzima kwa wiki moja hadi siku kumi, hivyo tuta likigeuzwa ngozi ikaingia ndani kabla ya hapo, funza hufa kwa joto. Kunguru huja kwa taka zilizoachwa wazi. Taka za leo zifunikwe leo kwa mboji ya zamani, basi.

Kinachobaki ni kuunganisha vipimo, na hapa ndipo viwanja vingi hushindwa. Daftari la joto liko kwa msimamizi wa matuta, la malori liko getini, kifaa cha hali ya hewa kiko juu ya paa na hakuna anayekisoma, na malalamiko yako kwenye simu ya meneja. Kila moja peke yake ni karatasi. Kwa maoni yangu kifaa cha bei nafuu kupita vyote ni daftari la malalamiko lililoandikwa vizuri: saa, mahali, harufu ya aina gani, kwa muda gani, mara ngapi kwa wiki.

Tuseme ni Alhamisi ya Julai, saa tatu usiku. Simu inaita; ni mama anayeishi bondeni, mashariki mwa kiwanja, anasema panatoka harufu ya mayai viza. Mlinzi angejibu kwamba huu ni msimu wa kusi, upepo unaelekea kaskazini-magharibi, hivyo si sisi. Kifaa cha juu ya paa kinasema upepo ulikufa saa kumi na mbili jioni, na tangu hapo hewa imekuwa ikiteremka taratibu kuelekea bondeni. Daftari la matuta linasema tuta namba 7 liligeuzwa saa kumi jioni, na kabla ya kugeuzwa oksijeni ilikuwa asilimia 3. Daftari la getini linaonyesha malori matatu ya kabichi siku ya Jumanne, yote yakamwagwa kwenye tuta hilo. Stoo inaonyesha makumbi yaliisha Jumatatu. Kesho tuta namba 7 lisiguswe hadi yaje makumbi, kisha lifunguliwe saa nne asubuhi. Na kabla simu haijakatwa liulizwe swali moja, liandikwe na jibu lake: "Mama, ilianza saa ngapi?"